Hakuacha Kumeza: Maisha ya Chuang Shui-yuan wa Madou

Ndugu zetu wa Madou na wa vijiji vya jirani, wafanyabiashara wa soko la asubuhi mliofunga meza zenu mapema, wauguzi mliokuja moja kwa moja kutoka zamu, familia ya Chuang inawashukuru kwa kuja kumsindikiza baba yetu, na inaomba mvumilie kidogo, kwa maana katika maisha tutakayowasomea ipo sehemu ambayo wengi wenu mliisikia sokoni, na mlivyoisikia sivyo ilivyokuwa.

Chuang Shui-yuan alizaliwa tarehe 14 Machi 1953, kando ya mto Zengwen, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Chuang Tien-lai, mkulima wa mafurungu, yale mabalungi makubwa ya kwetu. Miaka minne baadaye, mwezi wa Oktoba 1957, alizaliwa dada yake wa pekee, Yueh-kui, na kwa kuwa wazazi walishinda shambani, Shui-yuan ndiye aliyembeba mdogo wake mgongoni kwa kitambaa, akicheza naye huko mgongoni, akipanda miti naye huko mgongoni, mpaka majirani wakasema yule mtoto atakua akidhani dunia ni shingo ya kaka yake.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa Madou kuanzia mwaka 1959 hadi 1965, akiwa mtoto mwenye akili lakini asiyeweza kukaa, na mwalimu wake alimpa kazi ya kufuta ubao kila kipindi ili apate sababu ya kusimama, jambo ambalo alilitaja kwa shukrani mpaka uzeeni. Hakuendelea na masomo kwa sababu baba yake aliumia mguu mwaka ule ule, akaingia shambani akiwa na miaka kumi na miwili, na mshahara wake wa kwanza ulimnunulia Yueh-kui sare ya shule. Kuanzia mwaka 1973 alilitumikia jeshi kisiwani Kinmen kwa miaka miwili, kisha akaajiriwa kiwanda cha sukari kuendesha garimoshi dogo la kubeba miwa, kazi aliyoipenda kwa kuwa, kama alivyosema, ukikaa kitini bado unakwenda. Kiwanda kilipofungwa mwaka 1993 alirudi kwenye mafurungu ya baba yake, yale yenye shingo nyembamba na kitako kipana, ambayo yanakatwa kabla ya Sikukuu ya Mwezi, na watoto wenu wengi walivaa vichwani kofia za maganda aliyowamenyea kwa mkono wake.

Tarehe 18 Novemba 1979 alifunga ndoa na Lin Hsiu-chu, na mwaka 1983 Mungu wa Mbinguni aliwajalia mtoto mmoja, Ming-tse. Mama Hsiu-chu alitutoka tarehe 2 Juni 2009 baada ya kuugua saratani, na mwaka uliofuata, bila hata machozi kukauka, figo zote mbili za Shui-yuan zilishindwa kazi kutokana na shinikizo la damu alilokaa nalo muda mrefu bila kulijali.

Waliomjua wataelewa maana ya kumlaza mtu yule kitandani saa nne nzima, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, damu yake ikizunguka kwenye mashine ya kuisafisha. Wauguzi waliokuwa wakimhudumia walikuwa wakimletea redio na kumsogezea kitanda chake dirishani, na tunawashukuru, lakini alizidi kukonda, na mafurungu yalikuwa yakidondoka yenyewe shambani. Ndipo dada yake, ambaye mnamjua wote kwa vibakuli vyake vya mchele wa kusaga uliopikwa kwa mvuke, alipofunga meza yake ya sokoni siku moja na kwenda hospitali akiwa bado amevaa aproni.

“Kaka, madaktari wanasema figo yangu inakufaa.”

“Kaa na vitu vyako, Kui.”

“We kaka acha ubishi! Ulinibeba mgongoni miaka yote ile, leo nikikupa kipande cha mgongo wangu unanuna?”

“Na ukifa mezani huko?”

“Nikifa utauza vibakuli vyangu. Utavitia chumvi nyingi, na watu watanililia kwelikweli.”

Upasuaji ulifanyika tarehe 6 Septemba 2012, wote wawili wakaamka salama. Dakta Lai, ambaye yuko nasi hapa leo, alimwandikia vidonge vya kuuzuia mwili usiikatae figo ya mtu mwingine, vya asubuhi na jioni bila kuruka, akampa na makatazo, mojawapo likiwa asile furungu, kwa kuwa furungu hugombana na vidonge hivyo. Mkulima wa mafurungu akakatazwa furungu, na akatii. Kutoka siku ile hakutia kinywani hata kipande kimoja cha tunda lake mwenyewe. Mkwewe Lieu, alipoolewa na Ming-tse akitoka Vietnam mwaka 2014, akiwa hajui lugha ya hapa, ndiye aliyepewa kazi ya kuonja, na baba alisimama mbele yake akiutazama mdomo wake, akimfundisha neno kwa neno, hili ni tamu, hili ni chachu, hili bado, na hivyo ndivyo mkwewe alivyojifunza kuzungumza, bila mtu kumcheka.

Vuli ile ile ya upasuaji, kidonda chake kikiwa bado kinamvuta, Yueh-kui alifanya jambo ambalo bibi zetu walilifanya. Alichukua mafurungu ya kaka yake, akayakata kifuniko, akayachokonoa nyama, akachanganya nyama ile na majani ya chai, akayajaza tena ndani ya maganda yake, akayafunga kwa kamba, akayapika kwa mvuke, akayaanika, akayapika tena na kuyaanika tena, mpaka yakawa meusi na magumu kama mawe, kisha akayaweka darini yakae miaka mitatu. Wote mnaijua dawa hii. Mtu akikohoa, huvunjwa kipande kwa nyundo, kikachemshwa na sukari ya mawe, akanywa, koo likalainika.

Kwa hiyo majira ya baridi ya mwishoni mwa mwaka 2015, upepo ulipoanza kurusha mchanga wa mto uliokauka, na baba akaanza kukohoa kama kawaida yake ya kila mwaka, dada yake alishusha kutoka darini mpira wa kwanza wa dawa ile. Hakuna aliyesema kwamba hilo ni furungu. Furungu ni tunda, na lile lilikuwa dawa ya koo, tena dawa iliyotengenezwa na mikono ya mtu aliyempa figo, nani angefikiri vingine? Akanywa asubuhi na jioni, pamoja na vidonge vyake, na koo lilipona.

Mwezi wa Januari 2016 mikono yake ilianza kutetemeka. Vijiti vya kulia vilimponyoka, kichwa kilimuuma, alishindwa kukata tawi bila kujijeruhi. Walipopima damu walikuta dawa imejaa kupita kiasi, na Dakta Lai akamuuliza kama huwa anasahau kwamba amemeza na kumeza tena. Alikana. Daktari akapunguza dozi, kama inavyopaswa. Mwezi wa tatu joto likarudi, kikohozi kikaisha, chai ikaachwa, na mwezi wa nne damu ikapimwa tena, dawa ilikuwa kidogo sana, na figo ilikuwa imeanza kukataliwa na mwili.

Alilazwa tarehe 21 Aprili 2016. Walimtundikia dawa kali, wakampandishia dozi, muuguzi akawa anampa kidonge mkononi na kumtazama akimeza, na kipimo kikakaa pale pale kinapotakiwa, siku baada ya siku. Ndugu zetu, hicho ndicho kilichomponza. Akiwa mikononi mwa wauguzi alikuwa sawa, akiwa nyumbani alikuwa ovyo, na kila mwenye akili angesema tatizo ni mtu mwenyewe. Yueh-kui alikaa kando ya kitanda, akainua blauzi yake, akamwonyesha kaka yake kovu.

“Hili hapa ulione. Nilichanwa hapa kwa ajili yako, na wewe kazi ya kumeza tu inakushinda?”

“Nimemeza, Kui.”

“Umemeza nini? Upepo?”

“Nimemeza, nakwambia.”

“Kaka, ungeniambia hutaki, ningebaki nayo.”

Baba aligeuka akatazama ukutani, na miguu yake ilicheza chini ya shuka muda wote.

Yueh-kui aliyapeleka maumivu yake sokoni, kwa kuwa hakuwa na mahali pengine pa kuyapeleka, na soko likayapokea. Hatuwalaumu, kila mtu anasema. Lakini baba alipotoka hospitali na kupita na pikipiki yake, muuza nguruwe alimwita, “Mzee Nimesahau! Umemeza leo, au tuje tukumezeshe?” na mwingine akadakia, “Mpeni kamba afunge kidoleni asisahau!” na yeye alicheka nao, akapunga mkono, akaenda zake, kisha nyumbani akazunguka ua mpaka chakula kikapoa. Alianza kujishuku mwenyewe. Akishameza alifungua kinywa mbele ya kioo. Alimuuliza mkwewe, “Lieu, umeniona nikimeza?” na mkwewe akisema ndiyo, baada ya muda mfupi angeuliza tena, kwa sauti ndogo, kama mtu anayeomba asifukuzwe.

Baridi ya mwaka uliofuata mambo yakajirudia, kikohozi, chai, mikono kutetemeka, dawa kujaa kwenye damu, kisha masika dawa ikapungua tena, ingawa safari hii waliwahi kabla figo haijadhurika. Dakta Lai alikiri kwamba hajaona mgonjwa wa namna hii, leo anazidisha, kesho anaacha. Ilipofika Novemba 2017 Yueh-kui alihamia nyumbani kwetu na begi lake. Alimsimamia kaka yake kila asubuhi kabla ya kwenda sokoni na kila jioni akirudi.

“Fungua. Inua ulimi. Huku nako.”

“Nina miaka sitini na minne, Kui.”

“Figo yangu ina miaka sitini. Inua.”

Alikuwa akimpa kidonge, na baada ya kidonge akimpa kikombe cha chai ili kishuke vizuri, maana alikuwa na huruma naye hata akiwa na hasira, na chai aliyompa ilikuwa ile nyeusi ya darini. Mwezi wa Januari dawa ilikuwa juu kuliko wakati wowote. Yueh-kui alikitazama kipimo, akamtazama kaka yake, na safari hii hakumlaumu, kwa sababu kila kidonge alikuwa amekiona kwa macho yake kikishuka. Jioni ile, kwa mara ya kwanza tangu ahamie, hakumwambia ainue ulimi.

Siku ile ile ya Januari Yueh-kui alikuwa amemsikia Dakta Lai akikohoa, sauti imemkauka kwa kuita wagonjwa. Basi walipoitwa tena tarehe 8 Februari 2018, pamoja na wasiwasi wote aliokuwa nao, alimfungia daktari zawadi kwenye kitambaa safi, akaiweka juu ya meza yake.

“Hii ni ya koo lako, Daktari. Vunja kidogo, chemsha. Imekaa darini zaidi ya miaka mitano. Kaka yangu hunywa hii majira yote ya baridi.”

Dakta Lai alizaliwa mjini. Aliifungua, akakuta mpira mweusi wenye kamba, akainusa.

“Ahsante, Shangazi. Ni kitu gani?”

“Chai. Imejazwa ndani ya furungu.”

Daktari aliuweka ule mpira mezani taratibu sana.

“Anakunywa mara ngapi?”

“Asubuhi na jioni. Mimi mwenyewe nampa, na kidonge.”

“Mzee, nilikuuliza kila nilipokuona kama unakula furungu.”

“Na sili,” baba alisema. “Tangu siku ile sijala hata kipande kimoja. Muulize mkwe wangu.”

Dakta Lai alivuta kiti chake akakaa karibu nao, mbele ya meza, na aliyoyasema tunayasema hapa kwa maneno yake, kwa sababu yanaweza kumsaidia mwingine aliyekaa humu.

“Ndani ya utumbo na ini kuna vitu vinavyovunja dawa kabla haijafika kwenye damu. Vinavunja sehemu kubwa ya kila kidonge, na mimi napanga dozi nikijua hivyo. Furungu linavizima, na ganda lake linavizima zaidi ya nyama. Vikizimwa, kidonge kimoja kinaingia kama viwili au vitatu. Mkiacha chai, vinaamka, na ile dozi niliyoipunguza inakuwa haitoshi.”

“Lakini mtu si ni yule yule?” Yueh-kui aliuliza. “Kidonge si kile kile?”

“Mtu ni yule yule, Shangazi, ila mwili wake wa leo si mwili wake wa jana. Homa ikimpata, dawa inavunjwa polepole. Akiharisha, inaingia nyingi zaidi kwenye damu. Dawa nyingine ikiingia, mambo yanageuka tena. Tunampima mtu kana kwamba amesimama, naye hajasimama.”

“Kwa hiyo hakumeza mara mbili.”

“Hapana.”

“Na ule mwezi wa nne, alipolazwa?”

“Alikuwa anameza. Nilikuwa nimempunguzia mimi, na mimi sikujua.” Kisha Dakta Lai aliinamisha kichwa mbele ya baba yetu akasema, “Mzee, nisamehe,” na hilo si jambo ambalo madaktari wengi wangelifanya, familia haitalisahau.

Baba alitazama mikono yake inayotetemeka, akaanza kucheka, akacheka mpaka akafuta macho. “Basi si mimi,” alisema. “Kui, umesikia? Si mimi.” Halafu aliona uso wa dada yake, na kicheko kikakatika.

“Ni mimi,” Yueh-kui alisema.

“Nani kasema? Daktari, kasema mtu hapa? Wewe kunywa hiyo chai, haina ubaya kwa asiyemeza vidonge vyangu, koo lako litapona.”

Nje ya hospitali, penye benchi la kusubiri basi, Yueh-kui hakutaka kukaa, na kwa mara ya kwanza katika maisha yao kaka mtu ndiye aliyekaa.

“Kesho nasimama katikati ya soko nawaambia wote.”

“Huwaambii.”

“Nimekuchafua miaka miwili, kaka!”

“Na ukisema chai yako ndiyo iliyotaka kuniua, nani atakula kitu ulichopika? Soko halitasikiliza habari za utumbo na ini. Litasikia kwamba Yueh-kui alimnywesha kaka yake sumu.”

“Lisikie.”

“Nimekukatalia. Mimi Mzee Nimesahau wananicheka, lakini kwako wanakuja kula. Jina hilo nimeshalizoea. Niahidi.”

Aliahidi walipokuwa wameshapanda basi, huku akilia kwa sauti mbele ya abiria, na mama mmoja asiyewajua alimpa mfuko wake mzima wa karatasi laini, akashuka kituo kilichofuata bila kuuliza kitu.

Kutoka siku ile chai ilikoma, kipimo kikatulia, na kila kilipotikisika, kama alipoharisha mwaka 2019, au alipopewa dawa ya kifua mwaka 2021, mwaka aliozaliwa mjukuu wake wa pili, Dakta Lai hakuuliza tena kama amesahau, aliuliza nini kimebadilika nyumbani. Mikono yake ikapona, akarudi mtini. Sokoni waliendelea kumwita Mzee Nimesahau kwa miaka mingine mitano, naye aliendelea kupunga mkono, na dada yake, akiwa nyuma ya mvuke wa vibakuli vyake, alikuwa akiinamia sufuria ili asionekane uso.

Tarehe 30 Oktoba 2023 alipata homa kali na nimonia, akalazwa. Homa ilipopanda, dawa nayo ilipanda kwenye damu. Dakta Lai alipunguza dozi bila kumuuliza mtu yeyote chochote. Wauguzi walimgeuza, walimpangusa, mmoja alimkatia kucha bila kuombwa. Mapafu hayakurudi. Chuang Shui-yuan alifariki dunia tarehe 9 Novemba 2023 saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka sabini, ameshikwa mkono na mwanawe upande mmoja na dada yake upande wa pili. Yueh-kui alimuuliza daktari swali moja tu, nalo lilikuwa kuhusu figo, na Dakta Lai akamjibu kwamba ilifanya kazi vizuri mpaka mwisho, ndiyo iliyokuwa nzima kuliko kitu kingine chochote mwilini mwake.

Siku ya pili ya msiba, wakati familia inakunja maua ya karatasi ya kuchomwa kwenye maziko, Shangazi Yueh-kui alikuja akasimama mbele ya Lieu, mkwe wa marehemu, aliyepewa kazi ya kuandika maisha haya.

“Andika yote. Chai yangu, maneno yangu, kila kitu.”

“Shangazi, baba si alikukataza?”

“Alinikataza akiwa hai. Aje anikataze tena, nitafurahi kumsikia.”

“Na watu wakiacha kula kwako?”

“Waache, nitakula mwenyewe. Na usiposoma wewe, nitasoma mimi, na mimi nitasoma kwa kupiga kelele.”

Kwa hiyo tumeyasoma. Tunamshukuru Dakta Lai na wauguzi wote, tunawashukuru majirani mlioitunza mifurungu yetu mwaka huu bila kutaka ujira wakati sisi tukiwa hospitali, tunawashukuru wenzake wa garimoshi la miwa waliokuja na mikongojo yao, tunawashukuru watu wa soko, na tunakuomba wewe muuza nguruwe usilie hivyo, alikupenda, alisema wewe ndiye uliyemwita kwa sauti nzuri kuliko wote. Tunamshukuru Shangazi Yueh-kui, aliyempa kaka yake figo, na leo amempa hili.

Chuang Shui-yuan, baba yetu, jina lako ni safi, sasa wote wanajua. Lala nalo salama.